Baba Lemuel Stidham, Uliyeketi Thelujini Bila Moto

Jirani yetu anasema ulikuwa unalinda gongo. Anasimulia hivyo dukani, ameegemea pipa la misumari, na kila akirudia, mtambo wa gongo unazidi kuwa mkubwa. Anasema ulikaa katikati ya barabara ya msitu na bunduki mapajani, ukamzuia yeye na nyumbu wake, na hukuwasha moto kwa kuogopa moshi usije ukaonwa na polisi wa wilaya. "Mtu gani," huwauliza watu, "anakaa kwenye theluji ya Machi bila moto, kama hana kitu cha kuficha?" Watu hucheka. Halafu hunyamaza, maana wanakumbuka kwamba ulikufa.

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ututoke. Theluji ya mbele ya nyumba imeanza kulainika tena. Mama bado anatia chumvi kidogo kwenye kahawa ya asubuhi, kama ulivyopenda wewe, na bado anakunja uso akiinywa. Tukimwambia aache, anasema amezoea.

Ulikuwa mtunza barabara wa idara ya misitu, na barabara uliipenda kama watu wengine wanavyopenda shamba. Mti ukianguka ulijua kabla hatujaambiwa. Asubuhi za baridi kali ulikuwa unaweka lijamu kwapani, ndani ya koti, mpaka kile chuma kipate joto, ndipo umtie nyumbu mdomoni. Hukufanya hivyo kwa nyumbu wetu tu. Nyumbu wa bonde zima walikuja kwako kupigiliwa viatu kila vuli, nao walikujua kwa harufu ya koti lako.

Na simu. Laini ni moja kwa nyumba zote za bonde la Tamarack, kila nyumba na mlio wake, na mlio wa mwenzio ukilia unanyanyua polepole usikilize. Nani asiyefanya? Wewe ulikuwa ukinyanyua unasema, "Haloo, na salamu kwenu nyote mlioko humu." Mara nyingine mtu alisahau akaitikia.

Siku ile tulipanda mimi na wewe kuondoa miti iliyoangukia barabara, wewe na msumeno, mimi na shoka. Juu ya kona ya pili ukasimama ghafla hata nikakugonga mgongoni. Kati ya misonobari miwili ilining'inia karatasi kubwa kuliko paa la nyumba yetu, nyeupe yenye ukijivu, na upande wake wa chini ulikuwa umekatwa kwa kisu, umenyooka. Chini yake kulikuwa na kamba nyingi, na kwenye kamba gurudumu la chuma lenye mifuko ya mchanga, na vitu vingine ambavyo hukuniachia nivitazame.

"Ardith," ukasema kwa sauti ndogo, "rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe. Usikanyage pengine."

Tulipofika mbali kidogo ukaniambia. Mabwana wa jeshi walikuwa wamewaita watunza barabara wote majira yale ya baridi, vita vikiwa bado vinapiganwa. Waliwaambia kwamba Wajapani wanarusha maputo ya karatasi, yanakuja na upepo wa juu kuvuka bahari nzima, na yamebeba mabomu. Ukiliona usiliguse, usiwashe moto karibu nalo, na usimwambie mtu yeyote, hata mkeo, kwa sababu Wajapani wakisikia kwamba yanafika watarusha mengine. Mimi nilikuwa nimeliona tayari, basi nikafungwa na kiapo kilekile.

Halafu ukavunja tawi la msonobari ukaanza kufagia theluji. Nilidhani unafagia nyayo zetu. Lakini palikuwa na nyayo nyingine, za buti kubwa, zilizopanda kutoka upande wa chini na kurudi kulekule, na pembeni yake alama ya kitu kilichoburutwa. Hizo ndizo ulizozifagia.

Tukashuka nyumbani ukazungusha simu kuita idara. Nilisikia wenzetu wakinyanyua, mmoja, mwingine, mwingine. Hukuwasalimia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. "Njooni mchukue kitu chenu," ukasema. "Hapana, sisemi ni kitu gani. Njooni na watu wanaojua." Wakakujibu kwamba barabara ya kutoka mjini imefungwa na theluji, uwasubiri. Ukala viazi ukiwa umesimama, ukanibusu kichwani, ukarudi juu. Bunduki ilibaki ukutani. Ulibeba sepeto.

Nilikufuata na kahawa kwenye chupa niliyoivisha soksi. Ndiyo maana nilikuwapo jirani alipokuja, na ninayoyaandika niliyasikia kwa masikio yangu. Alikuja na nyumbu wawili na gari la kuburuta, na juu ya gari mnyororo mzito.

"Hujambo, Lem," akasema. "Naenda kuni."

"Daraja limevunjika, jirani."

"Nililivuka jana."

"Basi limevunjika leo."

Akacheka. Akauliza kama barabara hii uliachiwa na baba yako. Ukasema ni ya serikali, wewe unaifagia tu. Akauliza una kitu gani huko juu, ukasema huna. "Kama ni gongo," akasema, "nigawie chupa moja nigeuze. Mimi si mtu wa maneno."

Ukautazama mnyororo. "Huo si wa kuni, jirani."

Hapo akaacha kucheka. Nilimwona anakutazama, na wewe unamtazama, na kila mmoja anajua mwenzake anajua, ila wewe hukuruhusiwa kusema, na yeye hakutaka. Katika milima hii kitu kikianguka hakiachwi kioze. Kamba ni kamba, chuma ni chuma. Alikuwa amekuja kulishusha lile gurudumu kwa mnyororo. Nyuma yako upepo ulipita kwenye misonobari, na nikasikia kule juu kamba zikilia na chuma kikigonga mti, mara moja, polepole. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshatikisa hatamu.

Ukaketi. Hukupiga kelele, hukuinua sepeto. Uliketi tu kwenye theluji yenye maji, mbele ya kwato zao, kama mtu anayeketi kibarazani kwake. Nyumbu wakaja hadi puani pako wakasimama. Yule wa kushoto akaingiza pua ndani ya koti lako, kwapani, palepale unapopashia joto lijamu zao. Jirani akawachapa. Hawakwenda. Akawachapa tena.

"Utaganda hapo, mzee mpumbavu."

"Labda," ukasema. "Nisalimie wanao. Waambie wasicheze huku wiki hii."

Akageuza nyumbu. Lakini wewe hukuinuka, kwa kuwa ulijua atarudi, au atawatuma wanawe. Nilikusihi, Baba. Nilisema tuwashe kamoto kadogo, chini kwenye mtaro, ka kukaushia suruali. Ukasema walisema hewa ya lile puto inashika moto, na yale mabomu ungependa yasijue kama upo. Ulikuwa unatetemeka ukitania.

Wanajeshi walipofika hatimaye na trekta, ulikuwa tayari unakohoa. Ofisa wao, kijana mwenye glavu nzuri, aliona karatasi imekatwa akauliza ni nani. Nilifungua mdomo niseme habari za nyayo. Wewe ukanitangulia.

"Mimi," ukasema. "Nilidhani ni turubai."

Akakufokea mbele yangu kama mtoto. Hukuambiwa? Hujui mtu anafungwa kwa hilo? Kipande kiko wapi? Ukasema kimechukuliwa na mto. Ukavua kofia ukasikiliza mpaka akamaliza. Wakabeba kila kitu, mpaka mchanga uliomwagika, na msitu ukawa kama msitu. Ndiyo maana leo jirani anaweza kusema, haya, nendeni mkaangalie, mtanionyesha nini?

Nimonia ilikumaliza kabla wiki haijaisha. Mama alikukanda kifua kwa haradali, akakuuliza ulikuwa unafanya nini kule juu. Ukamjibu, "Kazi." Alikuzika akiwa na neno hilo moja. Mpaka mwezi wa Mei, baada ya watu kuuawa na bomu la puto kule kusini, redio ilipotangaza na kiapo kikafunguliwa, ndipo nikamketisha jikoni nikamweleza yote. Hakulia. Alisema tu, "Na mimi nilimwambia ni mkaidi."

Vuli iliyopita nilimrudishia mke wa jirani sahani yake ya pai. Nyuma ya banda lao kuna mizinga ya nyuki, na juu ya mizinga palikuwa pamefunikwa kwa kitu cheupe chenye ukijivu, kimebandikwa tabaka juu ya tabaka, na mvua ilikuwa inateleza juu yake. Nilikigusa. Turubai lina harufu ya lami. Hiki hakikuwa na harufu. Ukingo mmoja ulikuwa umekatwa kwa kisu, umenyooka. Nilipogeuka, jirani alikuwa amesimama mlangoni.

"Turubai la zamani," akasema.

"Ndiyo, mzee," nikasema. Nikamwomba, kwa adabu, aache yale maneno ya gongo, aseme tu kwamba alilikuta puto kabla yako. Akaingia ndani. Nilipopita tena mizinga haikuwa imefunikwa na kitu.

Ningenyamaza kama ulivyonyamaza, Baba. Lakini ukumbi wa bonde unatundika ubao wa majina ya waliolitumikia bonde wakati wa vita, na jirani yumo katika kamati, na amesema jina la mtu wa gongo haliwezi kukaa na majina ya vijana waliokwenda baharini. Wengine wamemsikiliza. Mwanao Dewey ametoka baharini mzima, na jina lake limo. Amewaambia kama la baba yake halimo, la kwake walipige randa.

Tunaokukumbuka ni mkeo Neva, mwanao Dewey, mimi binti yako Ardith, mdogo wetu Lorene, ambaye sasa ndiye anayewasalimia watu kwenye simu, kaka yako Burl na wanawe, na kila nyumba iliyopata kupita salama kwenye barabara yako. Theluji itaanguka na kuyeyuka mara nyingi, Baba, na wewe hutatutoka.

Na kwako, jirani. Jina lako silitaji, kwa kuwa Baba hakulitaja hata alipokuwa anafokewa kwa ajili yako. Wa bondeni wanakujua. Wa mbali hawana haja. Vita vimekwisha, hakuna atakayekufunga kwa kipande cha karatasi. Ombi hili nimelileta mlangoni kwako, nikaliacha tena kwa mkeo, na sasa naliweka hapa. Ubao unatundikwa Jumapili baada ya ibada. Huna haja ya kuja mpaka kwetu, wala kumtazama Mama usoni. Zungusha simu tu. Mlio wetu unaujua, mmoja mrefu na miwili mifupi; bonde zima litanyanyua, nalo lisikie ukweli wa puto kutoka kwako. Mama amesogeza kiti chake chini ya simu tangu Jumatatu.