Jina Ambalo Mashine Mpya Haikulijua

Papa Modeste,

Miezi mitano tangu tukuzike, mwalimu wangu. Leo ninakuandikia kwa sababu ninaogopa, na hapa mtaani Hewa Bora hakuna mwingine atakayenielewa.

Mashine yako ya zamani kwenye maternité ya Ruashi, pale akina mama wanapojifungulia, ilikufa. Daktari akaleta mpya, yenye mfumo wa Linux nyepesi badala ya ule wako wa FreeBSD. Nikachukua programu yako, ile inayotunza kundi la damu la kila mama, nikajaribu kuijenga upya ifanye kazi humo. Ikakataa. Ilisema kuna neno haijui: O_FSYNC.

Nilikuwa na haraka. Nikaandika mstari mmoja: kama jina hili halipo, liwe sifuri, yaani lisifanye kitu. Ikakubali, nikafurahi kama mjinga. Hukuwepo kuniuliza, "Ma fille, binti yangu, unajua ile neno inafanya nini?"

Sasa najua. Neno lile liliizuia mashine kusema "imehifadhiwa" kabla maandishi hayajafika kwenye diski. Mfumo mpya unaliita O_SYNC. Kazi ile ile, Papa, jina tu ndilo tofauti. Na mimi nililifuta.

Jumanne courant ya umeme ikakatika. Dakika chache kabla, Mama Béatrice wa laboratoire, anayepima damu, alikuwa amesahihisha kwenye mashine kundi la mama aliyejifungua: si A, ni O. Mashine ikamjibu imehifadhiwa. Courant iliporudi, ikaonyesha A. Yule mama alikuwa anavuja damu, muuguzi ameshashika mfuko wa damu ya A.

"Acha!" Mama Béatrice akapiga kelele. "Huyu iko O! Nilibadilisha mi mwenyewe!"

Wakapima tena. O. Mama anaishi, na mutoto wake. Mimi nikaenda kwenye mashine, nikaukuta mstari wangu.

Nilimwambia daktari kosa ni langu, si lako. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Uliiweka wapi tena?"

Kwenye kituo cha Lukafu, Papa. Mwezi uliopita, na sifuri yangu ndani. Nimempigia muuguzi wa kule, nikamwomba aiache mashine, apime kila mtu upya. Nikamsikia akifungua daftari. Kisha: "Wiki hii tuliweka batu watatu damu. Wote bazima... mpaka sasa."

Ruashi nimeshasahihisha. Kesho alfajiri napanda gari la Lukafu, na nitakaa huko mpaka kila jina limepimwa, hata wakinifukuza. Sijui nitakuta nini.

Pumzika, Papa. Ukiweza, uniombee wale watatu.

Binti yako wa kazi,
Clarisse