Sauti ya Magid Katika Kadi Ndogo

Namatala,
Mbale.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa Senga Jaliah, shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mguu umepoa kidogo, na ule upepo wa Masese haukuzidishii kikohozi. Sisi tu wazima. Mama anakula sasa, ingawa bado hutoa sahani ya baba kabatini, kisha huirudisha.

Najua inavyokuuma kutofika kumzika kaka yako. Hakuna anayekulaumu hapa. Kwa mguu ule usingefika hata Iganga. Ulipopiga simu ukaomba upate sauti yake tu, nilidhani ni kazi nyepesi.

Haikuwa nyepesi. Kasida zote za baba na kikundi chake zimo kwenye kompyuta ya Ridwan, aliyewarekodi, na kila moja ni faili kubwa mno. Hiyo redio yako ndogo inasoma kadi za zamani tu, zenye nafasi finyu. Basi nikazipeleka kwa Racheal, dada anayewawekea watu nyimbo kwenye simu karibu na soko. Akazibana ziwe ndogo, zote zikaingia kwenye kadi.

Nilifurahi, Senga, mpaka mama aliposikiliza. Dufu zililia kama mafuta yanayokaanga samaki, na sauti ya baba ikatoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Mama akajifunika leso, akalia.

"Huyu siye Magid," akasema. "Sauti ya Magid ilitoka kifuani."

Nikarudi naye kwa Racheal. Yule dada hakuchoka nasi. "Nikibana sana, sauti inakonda," alituambia. "Nikibana kidogo itabaki nzuri, lakini nyimbo nyingi zitabaki nje. Chagueni, mama."

Kuchagua ndiko kulikomtesa. Aliacha hata kasida aliyoimbiwa siku ya harusi yake. Nilipomuuliza sababu, akanijibu, "Mimi nilikuwa naye kila siku. Jaliah apate zile walizoimba pamoja utotoni, kule Busiu."

Hata hivyo nafasi haikutosha. Racheal akataka kukata maongezi na vikohozi vilivyo kati ya nyimbo. Mama akamshika mkono. "Hapo usikate, mwanangu. Rudisha nyuma tusikie."

Akarudisha. Baba alikuwa akiwaambia wenzake, "Pole pole hapo. Jaliah angekuwepo, angetushikia sauti ya juu."

Kisha Racheal, bila kuombwa, akatoa wimbo mmoja mzima ili maneno hayo yabaki.

Kadi imo humu ndani, nimeizungushia kitambaa. Nicanor, jirani yetu mwenye teksi ya kuja huko kwenu Jinja, atakukabidhi mkononi na kukuwekea kwenye redio.

Msalimie sana Margret anayekuchotea maji. Mama anamwombea dua kila siku. Mama mwenyewe anakusalimu, na Ridwan pia. Mwenyezi Mungu amrehemu baba, nawe akujaalie subira na nguvu za kututembelea.

Wimbo wa tatu ukiisha, Senga, usizime. Ngoja kidogo, utamsikia akikutaja. Na ukitaka kumwitikia, mwitikie kwa sauti ile ile ya juu. Majirani wa Masese watakuelewa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Mubaraka