Ngozi Yetu na Kucha za Kipanga

Shikamoo dada Paskalina,

Pole na shamba, na vumbi la kijijini kwetu Buger, huko Karatu. Huku Uingereza mvua nyembamba haikatiki, na viatu vyangu havijakauka tangu nifike. Miguu imevimba. Nimechoka hata kuongea.

Leo nimefika kwa yule mzee anayetengeneza vifaa vya watu wanaowinda kwa ndege aina ya kipanga. Karakana yake imejaa vikofia vya ngozi vya kumfunika ndege macho ili atulie. Nilimpa ngozi zetu za mbuzi tunazotafutia soko. Akazikunja, akazinusa, akatikisa kichwa.

"Ngumu mno kwa kofia. Zitamuumiza macho."

Nilikumbuka mikono yako ilivyochubuka ukizilainisha, nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Labda alinihurumia. Alinipa chai isiyo na tangawizi, akakata ngozi moja, na alasiri nzima akashona glovu nene. Akanivalisha, kisha akamweka kipanga wake juu ya mkono wangu. Kucha zilibana kweli, lakini hazikupenya.

"Kwa glovu zinafaa sana," akasema. "Nitazichukua zote, na nyingine mniletee."

Nilitaka kupiga kigelegele, ikatoka miayo.

Msalimie Mama, ila usimwambie nimekonda. Mungu awatunze mpaka tuonane. Siku nikiingia Karatu usiniulize kitu, dada yangu. Nipikie makande, nile, unifunike blanketi lako, na majirani uwaambie bado sijafika.

Mdogo wako,
Veronika