Siku Uliyotembea Baraza Zima

Mama yangu mpendwa,

Jana jirani alinikuta nimekaa kwenye jiwe kando ya njia, akaniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Mpaka leo, mtu akinitazama nikiwa nimepumzika, najiuliza moyoni: huyu katumwa na nani?

Tabia hii niliitoa kijiji cha Busawe, mama, baada ya sisi kuhamishwa kutoka kwetu bondeni na kupangiwa nyumba kwa mstari. Bondeni ulipochoka ulikaa, basi, nani angekuona? Kijijini mlango ulitazamana na mlango. Asubuhi ulipika, ukaongea, kicheko chako kikafika mpaka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Marwa. Lakini chuma kikigongwa kuita watu kwenye shamba la pamba la kijiji, ukifika kwenye mwinuko wa kwenda shambani, pumzi zinakatika, midomo inabadilika rangi kama mtu aliyekula zambarau, unakaa chini. Watu wakaanza kuunganisha mambo. Mbona jikoni haumwi? Mbona ugonjwa wake unajua siku za shamba la ujamaa? Neno kupe, yaani mnyonyaji wa jasho la wenzake, likawa linazunguka kisimani, linanyamaza ukitokea.

Na mimi nikaanza kuwachunguza wao. Nilimjua anayechungulia uani kwetu, na yule aliyekuletea maziwa ili tu aone kama umelala au uko macho.

Mwisho kamati ya kijiji ikaamua uende hospitali, na Mzee Marwa akufuate ashuhudie, maana maneno ya karatasi hawakuyaamini. Ukithibitika mgonjwa, usamehewe shamba. La sivyo, ukatiwe mistari yako ya pamba ya kupalilia kama wenzako. Tulisafiri na lori la pamba, yeye mbele kwa dereva, sisi nyuma juu ya magunia. Nilimpa shikamoo asubuhi ile, ila ilitoka nusu.

Daktari alikusikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema mishipa ya mapafu yako imebana, moyo unasukuma damu kwa taabu. Ukikaa pumzi inakutosha, ukipanda mlima unazidiwa. Mzee Marwa aliitikia mapema mno, kabla daktari hajamaliza, na hilo halikunipendeza.

Kisha nesi, dada mmoja aliyeletwa kutoka Bukoba, akakwambia utembee barazani. Ulifika katikati ukashika ukuta. Akaleta mtungi wa oksijeni kwenye kitoroli, na hapo nikaing'ang'ania khanga yako. Kwetu mtungi ule tuliujua: waliowekewa walitoka wamefunikwa shuka. Sikuyatoa macho kwenye mkono wa nesi pale alipokuwa anafungulia. Nikamuuliza kwa nini hewa ifungiwe kwenye chuma wakati nje iko tele. Akasema, bila kukasirika, kwamba ya nje haikutoshi wewe.

Akakuvisha mpira puani, akasukuma mtungi kando yako. Ukatembea. Ukafika mwisho wa baraza, ukageuka, ukarudi, na midomo yako ilikuwa na rangi yake. Nilikuwa nasubiri uanguke, na hukuanguka. Nesi akamweleza Mzee Marwa kwamba hewa ile haikuponyi, inakusaidia ikiwepo tu, na mtungi hautoki hospitalini. Mzee akasema amesikia.

Siku ya mkutano akasimama mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu, mimi sisemi uongo. Mama Bhoke nimemwona kwa macho yangu, amefika mwisho wa baraza na kurudi, hata kuhema hakuhema. Amepewa hewa ya hospitali, amepona."

Kwake hewa ile ilikuwa kama sindano: unachomwa, unarudi nayo nyumbani mwilini. Nilipiga kelele kwamba mtungi umebaki kule, nikaambiwa mtoto wa kike anyamaze wazee wakiongea. Ukakatiwa mistari yako. Kabla pamba haijapasuka, ukaanguka katikati ya palizi, na hukuamka tena.

Kwa miaka mingi niliamini mzee yule alituuza, kwamba alipewa neno la kusema kabla hatujapanda lori. Nilitafuta aliyempa, sikumpata. Sasa na mimi ni mzee, nadhani alisema alichokiona, basi. Hilo halijanipa amani, mama. Limenifanya niwashuku hata watu wakweli. Nina uchungu nao mpaka leo.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Pale mwisho wa baraza, ulipokuwa unageuka na mpira puani, uliniinamia ukaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza siri: "Bhoke, kumbe ninyi wote mnatembea hivi kila siku?"

Sikukujibu, kwa sababu balozi alikuwa anasikiliza.

Ndiyo, mama. Kila siku.

Lala, hakuna anayekuchungulia huko.

Binti yako,
Bhoke