Baba Yako Ameketi Tena Mezani kwa Huani

Halq al-Wad, Tunis
9 Novemba 2016

Mpendwa binti yangu Rahel,

Pokea salamu za nyumbani, zikukute una afya na furaha. U hali gani, mama? Mkwe wangu Yosef hajambo? Na wajukuu zangu, Lea na Natan, kile kikohozi kimewaachia? Najua baridi ya Marseille haina huruma. Wavalishe soksi hata wakinuna. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu linalolalamika nikipanda ngazi, na baba yako anayelalamika hata akiwa ameketi.

Sasa kaa chini nikueleze. Shule zilipofungwa kwa mapumziko, tulikwenda kisiwani Djerba kuila Sabato kwa Huani na Tumana. Ndiyo, umesoma sawasawa. Baba yako pia.

Unakumbuka mtoto wao Pinhas alipovunja uchumba wenu, harusi imekaribia, akaenda zake. Tangu siku hiyo baba yako hakulitamka tena jina la Huani, rafiki aliyekua naye na kujifunza naye usonara wa fedha katika karakana moja. Wewe ulikwisha kusamehe zamani, ukapata mume mwema. Yeye ndiye aliyebaki na donda.

Lakini kiangazi hiki Huani alipasuliwa moyo. Tumana akanipigia simu: "Meisa, dada yangu, mlete. Mzee wangu hasemi kitu, lakini kila Ijumaa anautazama mlango." Nikamfikishia baba yako maneno hayo hayo. Asubuhi yake nikamkuta anakagua matairi ya gari.

Ijumaa yenyewe upepo ulizuia pantoni pale Jorf, pa kuvukia kwenda kisiwani. Tukakaa foleni, jua linashuka, na likizama Sabato inaingia, hakuna tena kuendesha gari. Baba yako akawa kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutorokea. "Bado tunawahi Zarzis, huku huku bara, tukalale kwa binamu yangu," akasema. Nikamjibu, "Nenda wewe. Mimi nitaogelea." Akacheka kidogo, na baadaye pantoni ikaja.

Tuliingia Hara Kebira, mtaa wa Wayahudi, pembe ya kutangaza Sabato ikilia juu ya paa. Nikakimbia na chungu changu cha tfina, ngano ya kulala motoni hadi kesho yake, hadi tanuri la mtaa kabla halijafungwa. Mwokaji akakipokea huku anaguna: "Mama, hii ngano yako imetoka Tunis kwa miguu?"

Kurudi, nikamkuta baba yako bado yuko nje, mkoba mkononi. Huani akatoka, amekonda, amevaa kandambili.

"Khlifa, mbona umesimama kama mdai kodi? Ingia, kabla sijafa kweli."

"Hufi wewe," baba yako akasema. "Huko mbinguni nani atakuvumilia?"

Wakakumbatiana pale mlangoni, wala hawakuachiana upesi.

Pinhas alikuwapo. Amerudi kisiwani, anafundisha watoto Torati, ana mke mpole na kitoto kichanga. Baba yako alimpa mkono bila kumtazama.

Waliporudi kutoka sinagogi, taa za Tumana zikiwaka, Huani aliwawekea wanawe mikono vichwani na kuwabariki kama ilivyo ada. Zamu ya Pinhas ilipokwisha, hakwenda kuketi. Alikuja akasimama mbele ya baba yako.

"Ami Khlifa, nilimwumiza Rahel, nikakuaibisha mbele za watu, kisha nikakimbia bila kukuomba radhi. Naiomba leo."

Baba yako alikikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. Kisha akasema, "Mimi kila Ijumaa mikono yangu inakosa kichwa cha kubariki. Wangu yuko ng'ambo. Inama."

Akambariki, Rahel. Hakuruka hata neno moja mpaka mwisho. Tumana alikimbilia jikoni, nami nikamfuata, tukalia huko kama wajinga juu ya bakuli la kuskusi.

Baada ya samaki wazee walianza kuimba, wakagongana kwa sauti zao mbovu, hadi Tumana akasema daktari alisahau jambo moja tu, kumkataza Huani kuimba. Asubuhi waliondoka pamoja kwenda kusali, Huani ameegemea mkono wa baba yako, wanabishana juu ya nani alikuwa hodari zaidi kwa nyundo.

Nisalimie Yosef na mama yake, Bi Zeiza. Dada yangu Ghazala akipita kwenu, mwambie nangoja simu yake. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo.

Baba yako amesoma juu ya bega langu, sasa anadai kalamu:

*Rahel, njooni Pasaka. Huani na watu wake watakuwa hapa kwetu, na Pinhas nimemwalika kwa kinywa changu. Lakini ukiona bado ni vigumu, niambie, nitamwomba asije. Binti yangu ni wewe.*

Ni mimi mama yako, nikupendaye daima,

Meisa