Shombo na Vikombe vya Mama Mkwe

Mikindani,
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu Thabiti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitaya, wewe na wifi Mwanahamisi na watoto, na kwamba viboko wamewaachia mihogo kidogo msimu huu. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Simu yako haipatikani tangu ilipokuponyoka mtoni, lakini hata ingepatikana, haya nisingeyasema kwa simu. Nyumba yetu ina masikio mengi.

Uliulizia yule paka uliyenipa. Tulimwita Shombo, maana hakosekani panapoparuliwa samaki. Mwanzoni alinitia aibu, kaka. Alichana vitambaa vya makochi, akaning'inia kwenye pazia, akapanda mezani kabla ya wageni kunawa. Mume wangu Faraji alitaka nimchape. Lakini jirani yetu Modesta, ambaye ni afisa mifugo, alinikataza. Alisema paka hukwaruza kwa sababu kucha zake zinamtaka akwaruze, na ukimpiga atajifunza tu kusubiri uondoke. Basi nikazungushia gogo kamba ya katani, nikaliweka pembeni mwa kochi alilolipenda. Nikawa namkata ncha za kucha, naweka maganda ya ndimu kwenye makochi, nampa chakula chake kabla hatujapakua chetu. Taratibu akatulia. Gogo likawa lake, makochi yakawa yetu.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza.

Vikombe vya kauri vya mama mkwe, Bi Somoe, vikaanza kuvunjika. Kisha bakuli. Kisha chupa nzima ya mafuta ikamwagika jikoni. Kila mara jibu lilikuwa moja, kwamba ni Shombo. Mimi nikatazama yale mafuta, sikuona hata alama ya unyayo wa paka. Siku nyingine pazia la sebuleni lilikutwa chini na fimbo yake, lakini kitambaa hakikuwa na mkwaruzo wa kucha. Na kabati la vyombo lina komeo. Nikajiuliza, paka gani huyu anayefungua komeo?

Nikaanza kumtazama Farida, mdogo wake Faraji. Alirudi nyumbani mwaka jana baada ya kuachika, na tulikuwa tukiishi vizuri. Lakini kila kitu kilipovunjika, nilimkuta yeye tayari ana ufagio mkononi. Nikiingia, yeye na mama wananyamaza. Nikiuliza, anajibu bila kunitazama: "Si paka wako huyo, wifi." Jioni Faraji akirudi na bajaji yake, Farida ndiye wa kwanza kumpa habari. Nikasadiki kwamba anataka nionekane mke asiyeweza hata kumtuliza paka, mwisho wake nifungashiwe mizigo. Nikawa nafunga chumba changu hata nikienda kuteka maji. Chai aliyoipika yeye nikawa siinywi. Ndivyo nilivyofika, kaka.

Mwishowe Faraji alichoka. Akasema Jumamosi atamchukua Shombo akamwache sokoni Mtawanya, kwa wauza samaki. Nililia, naye akashika neno lake.

Ijumaa, siku moja kabla, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa uani nakuna nazi. Shombo alikuwa amelala juu ya upindo wa kanga yangu. Ghafla nikasikia kitu kimepasuka ndani, na sauti ya mama ikifoka: "Toka! Shombo, toka we paka!" Shombo akainua sikio moja aliposikia jina lake, akalala tena.

Nilisogea mlangoni polepole. Bi Somoe alikuwa amesimama katikati ya vigae vya kikombe, akipapasa ukuta kama mtu aliye gizani, na jua lote lile limejaa chumbani. Farida alikuwa amepiga magoti, ameushika mguu wa mama yake, anauhamisha taratibu usikanyage kigae. Aliponiona, akanitikisia kichwa nisiseme kitu.

Baadaye alinifuata jikoni akanieleza. Tangu kabla ya Ramadhani macho ya mama yamejaa ukungu. Alimwapisha Farida asimwambie mtu, kwa hofu kwamba mwanawe mkubwa, Athumani, atakuja kumhamishia Dodoma, naye anataka kubaki hapa alipozikwa mume wake. Wakaona paka hatadhurika kwa kusingiziwa. Nikamwambia Farida kwamba nilimdhania yeye. Akasema alijua, alikuwa akiona vikombe vya chai ninavyoviacha.

Jumamosi Faraji alimtia Shombo kwenye kikapu, akakifunga, akakipakia kwenye bajaji. Mimi na Farida tulitazamana tu. Ningesema, ningemvunjia mama heshima mbele ya mwanawe. Shombo alilia mle kikapuni kama mtoto. Ndipo Bi Somoe alipoinuka barazani, akapapasa hewa mpaka akaishika nguzo ya bajaji.

"Mteremshe paka, Faraji," alisema. "Kiti hicho nipande mimi. Mimi ndiye ninayevunja."

Faraji alipunga mkono mbele ya macho ya mama yake. Hayakupepesa. Nilimwona mume wangu akikaa chini kwenye mchanga.

Alimpeleka hospitali siku ileile. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, wa kutibika. Athumani alipigiwa simu, naye akakubali mama asihamishwe. Jicho la kwanza limeshafanyiwa upasuaji, na juzi bandeji ilitolewa. Tulimpakatisha Shombo, maana alikuja hapa macho ya mama yakiwa tayari yamefifia. Alimtazama, akamgeuza huku na huku, akasema: "Kumbe ni kadogo hivi?" Farida alicheka mpaka akanishika bega asianguke.

Basi kaka, Shombo harudi Kitaya. Mfikishie wifi salamu zangu, wabusu watoto, na ukipata simu nyingine ifunge kamba shingoni. Mwenyezi Mungu awalinde.

Mdogo wako akupendaye,
Shadya