Kivumbasi Pembezoni mwa Maboga

Kidichi, Unguja
Mfunguo Nne

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Hujambo? Na baba, mguu umepoa, au bado anapanda miti kurina asali kama kijana? Mwambie mizinga haina miguu, itamngoja. Mimi na mume wangu Haji tu wazima, alhamdulillahi.

Mama, mengine ya huku sikukuandikia, nilichelea utalia. Mavyaa wangu Bi Kije, mama yake Haji, hakunikunjulia uso tangu mwaka ule nilipoolewa. Kisa ni maboga. Msimu wangu wa kwanza yalichanua vizuri, kisha viboga vyote vikanyauka vingali vichanga, vikadondoka. Majirani wakanong'ona kuwa nimekuja na kisirani. Bi Kije akamwambia mwanawe, nami nasikia: "Yakipukutika tena, mrejeshe kwao Pemba." Haji alichukua jembe akatoka. Kutoka kule kuliniuma kuliko maneno.

Huku mwanamke hupimwa kwa usafi wa shamba lake. Kila kinachochanua bila kupandwa hung'olewa. Hata asumini huchumwa zingali vitumba, zikafungwe vikuba vya wanawake kujipambia, viuzwe Mjini. Nyuki ale nini? Juu ya hayo Bi Kije, kwa kuogopa husuda, alifukiza ubani shambani kila asubuhi, wakati uleule maua ya maboga yanapofunguka. Mimi binti wa mrina asali niliuona moshi ule nikajua: nyuki wachache waliobaki anawafukuza mwenyewe, na bila wao nani atalipeleka vumbi la ua dume kwenye ua jike?

Kumwambia mavyaa aache ubani ni kutafuta talaka. Nilisema tu, "Mama, si bora tufukize magharibi, wakati mashetani wanapotembea?" Akafikiri, akasema, "Hapo umesema kweli."

Vita vilikuwa kwenye maua. Nilipanda kivumbasi na kishonanguo, maua wayapendayo nyuki, pembezoni mwa shamba. Bi Kije alipopita, mbegu za kishonanguo zikamganda kanga nzima. Akakaa barazani akizibandua moja moja. "Wenziwe wanapalilia," akasema, "huyu nnaona anapanda magugu." Siku hiyo Haji alifungua kinywa: "Mwache mama, tungoje maboga yafunge. Yakipukutika, magugu ntayang'oa mwenyewe." Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi niliomba hata mbichi.

Nyuki walikuja, mama. Kwanza wachache, kisha nikawasikia wakivuma hata nikiwa jikoni. Maboga yamefunga mpaka mengine yamepanda ukuta wa choo. Juzi jirani yetu Bi Tatu alikuja kuazima kinu, akainama kung'oa kivumbasi kilichoziba njia. Bi Kije akamkataza: "Kiache hicho. Ni cha mwanangu." Hakupata kuniita hivyo kabla. Nilikwenda chumbani nikalia kwa furaha. Bi Tatu aliondoka na kinu na mbegu, na sasa majirani wengine wanakuja kuziomba.

Mpe baba salamu zangu, umwambie nyuki wa Unguja nao wanamtii. Msalimie shangazi aliyenisuka siku ya harusi, na mwalimu wangu wa chuoni, nimo katika kuomba dua yake.

Uliniambia kitanda changu hakitaguswa, nikishindwa nipate pa kurudi. Mpe mdogo wangu Mwanahija akilalie.

Ni mimi mwanao, mke wa watu Kidichi,
Maryamu